Maman Francine na matanga ya Nsimire

Maman Francine alitufundisha Kifaransa katika lise, shule ya sekondari ya masista, mjini Bukavu, na aliyetaka kusinzia darasani kwake bora angebaki kwao. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti iliyozidi mwili. Tamthilia aliyotusomesha mwaka ule wa vita, 1999, ilikuwa ya kale. Binti wa mfalme anatekwa na askari wa adui, anarudi nyumbani, baba yake anampa kikombe cha sumu, naye anakunywa ili heshima ya ukoo isalimike. Vitabu vyote vya shule vilimsifu. Mtihani wa Serikali nao ulitaka tumsifu.

"Munitafutie fasi moja tu," alituambia, "kwenye mutu anamuuliza huyu mutoto anataka nini."

Tulitafuta mpaka kengele ikalia. Baba anazungumza kurasa nzima, kuhani anazungumza, hata mlinzi wa mlango ana maneno yake. Binti hakuulizwa popote.

"Basi asifiwe nani?" alisema Maman Francine. "Huyu aliuliwa na batu benye kusema muzuri."

Nsimire, niliyekaa naye dawati moja, alipiga makofi peke yake, na sisi tukamcheka.

Likizo ya Pasaka Nsimire alikwenda Sange kumwona shangazi yake. Gari lao lilishambuliwa njiani na kuchomwa moto, zikaja habari kwamba hakuna aliyepona. Familia yake ikafanya matanga nyumbani kwao Nguba. Tuliimba misa, viti vikapangwa uani, wakaja wote waliofanya kazi ofisini na baba yake, Papa Philémon. Mwili wa kuzika haukuwapo. Siku zile hilo halikumshangaza mtu.

Baada ya miezi miwili, mama yake Nsimire, Maman Eulalie, alimvuta Maman Francine pembeni nje ya kanisa.

"Mutoto iko muzima," alisema. "Baaskari balimushika mu pori, akakimbia. Papa yake alimuficha Nyantende kwa koko yake. Anasema matanga ilishaisha."

Ndivyo ilivyokuwa: Nsimire alikuwa hai, kijijini kwa bibi yake. Baba mzima, mwenye madigrii yake ukutani, aliona afadhali abaki na marehemu kuliko kuwaeleza watu binti yake ametoka wapi na amefanywa nini. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Maman Francine alikwenda Nguba siku ileile. Yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe. Papa Philémon alipenda sana tamthilia ile. Hotuba za yule mfalme alikuwa nazo zote kichwani. Na wasomi wa mji wetu jambo kama lile hawalitaji kwa jina. Kwa hiyo, chai ikiwa mezani, wakalizungumza kupitia kitabu.

"Mufalme aliogopa majirani, Papa," alisema Maman Francine. "Binti alirudi na uhai, baba yake akaona haya tu."

Papa Philémon alijibu kwamba zamani zile zilikuwa na sheria zake. Wakabishana alasiri nzima, wakitajiana kurasa. Mwishowe akavua miwani.

"Uko na haki, Maman. Yule baba alikosa. Mi nilimusifu miaka yote, kumbe alikosa."

Maman Francine alifurahi, masikini. "Basi tumurudishe Nsimire."

Papa Philémon aliinuka, akaenda kumfungulia mlango.

"Nsimire alikufaka Sange," alisema. "Batu bote balikuya ku matanga."

Kesho yake Maman Francine alipanda hadi Nyantende. Alimkuta Nsimire katika shamba la mihogo, amekonda, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Majirani walimjua kwa jina la Constance, mtoto wa ndugu aliyetoka mbali. Maman Francine alimkumbatia, akamweleza alivyopanga: atakaa kwake, atasoma shule nyingine, atafanya mtihani.

"Siombi ruhusa kwa papa yako. Nakuuliza weye. Unataka?"

Nsimire aliegemea jembe lake.

"Maman, ulikuwa ku matanga yangu?"

"Nilikuwa."

"Papa alilia?"

Maman Francine hakuweza kumdanganya. Alimwambia kwamba baba yake alilia hadi wanaume wawili wakamshika asianguke kanisani, na kwamba aliibusu picha yake mbele ya watu wote akisema huyu ndiye aliyekuwa moyo wake.

Nsimire alikaa chini kwenye udongo.

"Tangu nilirudia, hajaniangalia hata mara moja," alisema. "Nikishuka mu mji, ataona haya juu yangu mpaka atanichukia. Muniache vile, Maman. Mwenye alikufa, ule anamupenda."

Maman Francine alichukua jembe la pili, wakamaliza kulima ule mstari wa mihogo, kisha akateremka mjini peke yake.