Unga wa Paluku na Machicha ya Munkoyo

Watu wa mtaa wa Annexe walimjua Marie-Thérèse kwa munkoyo, kinywaji alichouza sokoni, kabla ya kumjua kwa samaki. Alichemsha uji wa mahindi, akatia mizizi iliyopondwa, akauacha uchachuke, na kufikia mchana ndoo zilikuwa tupu. Machicha yaliyobaki aliwapa nguruwe wa jirani.

Wazo la samaki lilikuwa la mumewe, Katongo. Alipopunguzwa kazini kwenye mgodi wa Kipushi, alirudi nyumbani akachimba mabwawa mawili nyuma ya jiko, moja juu na jingine chini yake. Tilapia walikua kidogo, halafu wakakwama. Walikula pumba kila siku, na bado walibaki vichwa vikubwa, miili myembamba. Hata paka aliwatazama bila hamu.

Marie-Thérèse aliwaza sana. Machicha yake yalikuwa na chachu, na nguruwe waliokula machicha hayo walinenepa kuliko wote mtaani. Kwa nini samaki wasijaribu? Akayakausha kivulini, akayasaga, akayachanganya na pumba na mashudu ya soya.

Wiki ileile, bila kumwambia mtu, Katongo alirudi kutoka mjini na mfuko wa unga wa njano. Aliununua kwenye depo ya Paluku, mfanyabiashara aliyekuja zamani kutoka Butembo. Ulikuwa unga wa kukuza samaki, poudre kama alivyouita, wenye vitamini na madini, wa kunyunyizwa juu ya chakula. Basi kila mmoja akawa anatia chake. Tilapia wakajaa mgongo hata majirani wakawa wanakuja kuchungulia.

Hapo ndipo Marie-Thérèse alipoanza kukosa raha.

"Ona kazi ya poudre ya Paluku!" Katongo aliwaambia wote. Paluku mwenyewe akaanza kuleta wateja wake kwa pikapu, wasimame ukingoni waone. Siku moja Marie-Thérèse alikuwa palepale, beseni la machicha mikononi.

"Na hii, Papa Paluku? Hii haikufanya kazi?"

Paluku alitazama beseni, akatabasamu kwa adabu. "Mama, ile haina mubaya."

Haina mubaya! Maneno hayo alilala nayo, akaamka nayo. Asubuhi alimkalisha mumewe chini.

"Baba Nono, tugawanye. Kiziba ya juu, weka poudre yako. Ya chini, miye natia machicha tu. Njo tutajua."

"Muzuri, Mama Nono. Hakuna shida."

Msimu mzima alilitunza bwawa la chini kama mgonjwa. Aliwakatalia wenye nguruwe machicha mpaka wakamnunia. Samaki walipopanda juu kula, aliinama kuwatazama migongo, na kweli walikuwa wanakua. Sasa atamwita Paluku na wateja wake wote, waje waone.

Siku moja mvua ilifukuza watu sokoni, akarudi nyumbani mapema. Alimkuta Katongo amechuchumaa kando ya bwawa la chini, mkono wa njano mpaka kwenye kifundo.

"Unafanya nini?"

"Kidogo tu, Mama Nono."

"Tangu lini?"

Katongo aliangalia maji. "Tangu mwanzo. Niliona samaki yako inachelewa. Nikakuonea huruma. Sikupenda bantu bakucheke."

"Nani alikuomba huruma?" Sauti yake ilivuka ua, jirani akatoa kichwa. "Nimekuuliza, Katongo. Nani?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu wazae Nono. Angekuwa amefanya kwa ubaya, angejua pa kumshika. Lakini mtu amekuharibia kwa wema, utamshitaki kwa nani? Alikwenda jikoni, akasugua sufuria iliyokuwa safi.

Mwishowe alikwenda kwa mdogo wake, Kunda, aliyekuwa na kibwawa cha chemchemi kwenye njia ya Kipushi. Akabeba vifaranga vya samaki kwenye bidoni la maji, awalishe machicha tu huko, akamwapisha Kunda asimruhusu shemeji yake hata kunawa mikono pale. Akawa anakwenda na kurudi, mara kwa taxi-moto, mara kwa miguu, hata miezi ya baridi, wakati vidole vinakufa ganzi asubuhi na samaki hawataki kula.

Walipovua, samaki wa kwa Kunda walikuwa wazuri, nyama imejaa. Lakini walikuwa wadogo kuliko wale wa bwawa la juu. Katongo alichukua mmoja, akamgeuza polepole.

"Lakini Mama Nono, maji ya kwa Kunda iko ya baridi. Na kiziba iko mu kivuli. Huwezi kuzipima na zangu. Haiko sawa."

Marie-Thérèse alimkazia macho. "Leo njo unajua kama haiko sawa?"

Kunda alianza kucheka, akaona uso wa dada yake, akageukia kukunja wavu.

Samaki wote waliuzwa siku hiyohiyo, wa juu, wa chini na wa kwa Kunda. Mama mmoja mnunuzi akauliza walilishwa nini. Katongo alifungua kinywa, lakini safari hii Marie-Thérèse alimtangulia.

"Sijue," akasema. Ilikuwa kweli, na ilimuuma kuliko uongo wowote.

Kabla ya kupandikiza tena, alinunua miti na matete azungushie bwawa la chini ua wenye mlango na kufuli. Ardhi ilikuwa ngumu, akamwacha Katongo achimbe mashimo. Katongo alichimba vizuri, akamshauri asogeze miti karibu zaidi, mtu asipenye.

Alifuata ushauri huo. Kisha akafunga mlango, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge.