Mchuzi wa Moto Ndani ya Mfuko

Sokoni kwetu Nakhon Pathom, Thailand, walisema mtoto wa Pranom amevunja ungo darasa la pili kwa sababu ya kula mabawa ya kuku. Nilicheka. Nilipofika nyumbani nikayatoa mabawa yaliyokuwa jikoni, nikayatupa, maana na mimi nina binti. Uvumi ule ulinikwama kama mwiba wa samaki kooni. Nikamfuata Pranom mwenyewe.

Kumepambazuka. Pranom Saengthong, muuza mchuzi, anakoroga sufuria la nazi linalochemka. Wateja wamepanga mbele yake mikebe ya chuma, ile ya ngazi ngazi ambayo bibi zetu walibebea chakula cha watawa.

"Mikono bado inatafuta mfuko," anasema.

Kabla hajaiacha mifuko, alikuwa fundi wa kuifunga. Alikuwa akimimina mchuzi wa moto kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, anausokota mdomo, kimpira kinalia ta, mfuko unatuna kama puto. Baht arobaini. Na huku kwetu mfuko usiochoma vidole haununuliwi, unaitwa kiporo.

Bibi Samruay, muuza samaki wa meza ya pili, bado anamchokoza.

"We Pranom, mpaka nirudi nyumbani kufuata mkebe, si njaa itaniua?"

"Njaa ikuue wewe, bibi? Itaanzia wapi?"

Wanacheka, lakini wateja wengine wamehama. Theluthi moja hivi, anasema Pranom, wamekwenda kwa jirani anayefunga mifuko.

Binti yake anaitwa Mapraw. Ana miaka minane. Mwaka jana mwalimu alimrudisha nyumbani na sweta limefungwa kiunoni. Pranom alidhani mtoto ameumia.

Hospitalini daktari hakuuliza habari za kuku. Alisema, "Mama, nisimulie siku ya mtoto tangu anapoamka."

Pranom akasimulia, tena kwa kujisifu kidogo, kama mzazi anayejua kulea. Poda ya manukato asubuhi. Uji wa moto wa mfukoni. Mchana tambi zinazomiminiwa maji yanayochemka humo humo kwenye kikombe chao cha plastiki. Rangi ya kucha aliyonunuliwa sikukuu. Jioni mchuzi uliobaki, mfuko unapashwa kwenye maji ya moto.

"Nilipofika katikati nikaona ameacha kuandika," Pranom anakumbuka.

Daktari hakumficha. "Siwezi kukuambia ni mfuko. Wengine hurithi, wengine ni uzito, na mara nyingi sababu hatuijui. Lakini katika plastiki na manukato zimo kemikali zinazoiga homoni za mwili au kuzivuruga. Watu huzipima moja moja, kila moja inaonekana ndogo. Mwili wa mtoto hauzipokei moja moja."

Haba na haba hujaza kibaba. Tulifundishwa methali hiyo kwa ajili ya akiba.

Sasa Mapraw anachomwa sindano kila mwezi kuusimamisha mwili uusubiri umri. Analia njiani kwenda, kurudi anaomba barafu ya nazi. Mifupa yake ikikomaa mapema, kimo kitaishia hapo.

"Mimba yake niliibeba nikifunga mifuko," Pranom anasema, macho kwenye sufuria. "Sitajua kamwe. Ndiyo maana nimeacha kabla ya kujua."

Mpango wake ni kununua mikebe ya kuazimisha wateja, wairudishe asubuhi inayofuata. "Nataka Mapraw amalize shule ya msingi akiwa bado anaruka kamba. Basi."

Mama wenzangu, mimi si msomi. Haya ndiyo ninayoyaepuka nyumbani, niliyoyapata kwa daktari yule na kwa Pranom:

Usimimine chakula cha moto kwenye mfuko wala kikombe cha plastiki.

Usipashe mfuko kwenye maji ya moto.

Mafuta na mchuzi wa nazi usivihifadhi kwenye plastiki. Tumia kioo, chuma au udongo.

Chombo cha plastiki kilichochubuka au kupauka, kiache.

Mtoto asipakwe manukato wala rangi ya kucha.

Usichome plastiki jikoni.

Mtoto wa kike akianza kubadilika mwili kabla ya miaka minane, usiende sokoni kuuliza. Nenda hospitali.

Na habari ya mabawa ya kuku usiirudie. Mapraw aliisikia. Hadi leo bibi yake akimkaangia mabawa, anasukuma sahani na kusema, "Nisamehe bibi, nilikula mengi."