Ubani Kwenye Bomba la Moshi

Nianze kwa kukiri, maana wazee wote wanaosimulia kazi zao huanza na sifa, na mimi sifa sina. Siku gari lenye thamani kubwa kuliko jengo tunamoishi lilipokuwa kwenye foleni ya kupimwa moshi, nilitia ubani ndani ya ekzosi yake. Vipande sita. Vitatu kila upande, kwa sababu mabomba yalikuwa mawili nami sikutaka kubagua. Nikavisukuma kwa bisibisi mpaka vikazama. Ukiniuliza kwa nini, jibu ni kwamba nilidhani itachekesha.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, meno yote yapo, na Jumatatu nina mtihani wa hesabu. Lakini kazi niliifanya, likizo mbili nzima za kiangazi, katika karakana moja ya Ras Al Khor, na ninyi wadogo zangu mnaodhani kazi ni kukaa chini ya kiyoyozi inafaa mjue mambo yalivyokuwa enzi zetu.

Aliyeniingiza kazini ni Mjomba Shaaban, ndugu yake mama, fundi wa injini kutoka Mombasa. Mama alikuwa amesema nikibaki nyumbani likizo nzima nitavunja hata vile visivyovunjika. Siku ya kwanza mjomba alinipeleka mbele ya Arbab, ndivyo tunavyomwita mwenye kazi huku kwa Waarabu. Arbab alikuwa ameshika kikombe cha chai ya karaki, ile nzito ya maziwa, na hakukiweka chini.

"Huyu nani?"

"Mpwa wangu, Arbab. Amekuja kutazama tu."

"Atazame. Asiguse."

Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshika ufagio. Katika fani yetu, kutazama huanzia kwenye kufagia.

Kituo changu cha pili kilikuwa beseni la petroli, la kuoshea nati na bolti. Hapo ndipo mjomba alipoanza kunifundisha. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo hakuitumia kufungulia kitu. Aliweka ncha yake kwenye injini inayonguruma na mpini wake kwenye sikio, kama daktari.

"Sikiliza," akasema. "Unasikia nini?"

"Nasikia kelele."

"Kelele ni wewe. Sikiliza tena."

Nikasikiliza wiki mbili. Wiki ya tatu nikasikia: tik, tik, tik, nyuma ya ngurumo, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Mjomba hakunipa sifa, alinipa nusu ya chapati yake. Mpaka leo sijapata tuzo shuleni yenye ladha ile.

Likizo ya pili nilipandishwa cheo. Arbab alikuwa na desturi: gari la mteja halirudishwi kwa mwenyewe likinuka grisi. Linafungwa vioo, chetezo kidogo chenye kaa moja kinawekwa ndani, ubani unafuka dakika kumi, kisha ndipo linakabidhiwa. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nilijiita Mkuu wa Idara ya Manukato. Ubani nilikuwa nauchota kutoka kwa mama, ambaye huununua soko la Al Ras kwa kuuonja kwanza kwa jino, akigombana na muuzaji. Nyumbani kwetu kila kitu hufukizwa: mitungi, shuka, kanga, na mashati ya kazi ya mjomba, kwa vile alikuwa akikaa nasi. Mtu mzima fundi, akikaribia anakuja na harufu ya petroli mbele na ubani nyuma.

Sasa niwaeleze gari lenyewe. Lilikuwa la rangi ya chungwa, milango yake inafunguka kwenda juu, na ukikaa ndani makalio yanakaribia kugusa lami. Mwenyewe, kijana mmoja tuliyemwita Sir, alipenda lipige kelele, kwa hiyo mwaka mzima lilitembea bila vichujio vyake. Kichujio ni chombo kinachokaa katikati ya ekzosi, ndani kina vitundu vitundu kama sega la nyuki, nacho huusafisha moshi kabla haujatoka. Bila kichujio gari linanguruma kama simba na kunuka kama jiko la mafuta ya taa. Lakini kila mwaka gari lazima likaguliwe, lisipopita kadi yake ya usajili haihuishwi. Basi mara moja kwa mwaka mjomba alivitoa vichujio stoo na kulivika gari nguo za heshima, kama mnavyovikwa ninyi siku ya Idi.

Mwaka ule mambo yalikuwa mazito. Visa ya mjomba ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na wa kuisaini ni Arbab. Sir alikuwa na magari matatu pale karakana na alishaanza kulalamika kwamba anacheleweshewa. Asubuhi ya ukaguzi Arbab alitoka ofisini, safari hii bila kikombe.

"Shaaban. Hili likipita leo, nasaini. Lisipopita, khalas, utarudi kwenu."

"Litapita, inshallah."

"Usinipe inshallah ya fundi."

Mjomba akacheka, lakini aliingia garini bila kupiga mluzi, na mjomba bila mluzi ni kama redio bila betri.

Gari baridi halipelekwi kupimwa. Hiyo iandikeni. Kichujio hufanya kazi kikiwa moto tu, kwa hiyo mjomba aliliendesha nusu saa nzima barabara kuu, mimi pembeni yake nikijifanya tajiri kwa kila aliyetupita. Tukaingia kwenye foleni ya ukaguzi, injini haizimwi, kiyoyozi kimezimwa ili injini isilemewe. Jua la Julai. Nilikuwa naiva. Mjomba akashuka kwenda dirishani kuchukua karatasi, akaniachia amri moja: "Usiguse kitu."

Mfukoni nilikuwa na ubani wa kazini. Nikamfikiria mkaguzi akiinama nyuma ya gari la mashindano na kukutana na harufu ya arusi. Nikajichekea mwenyewe. Yaliyofuata mmekwisha kuyasikia.

Mkaguzi alikuwa Msudani mrefu, mtu wa taratibu. Akaingiza mrija wa chuma wa kipimo ndani ya ekzosi, akamwambia mjomba apige resi, akatazama namba kwenye mashine. Akanusa. Akanusa tena.

"Ya akhi," akamwambia mjomba, "mmetoka kumuoza nani?"

Mjomba akanitazama. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake mdomo wangu ukafanya kazi bila ruhusa: "Ni shati lako, mjomba. Mama amelifukiza jana."

Akalinusa shati lake. Kweli lilikuwa limefukizwa jana. Akaniamini.

"Mafuta yasiyoungua yamezidi," mkaguzi akasema. "Limefeli. Rekebisha, urudi kabla hatujafunga."

Tukaliegesha kwenye kivuli cha ukuta. Mjomba akalala chali chini ya gari, kwenye lami inayochoma, akaanza kukagua kazi yake mwenyewe. Nati moja baada ya nyingine. Mimi nilikuwa nampa spana, naye alikuwa anaongea peke yake chini huko: "Hii niliikaza. Nakumbuka niliikaza. Ama sikuikaza?" Wadogo zangu, nimemjua mjomba tangu nipate akili, na sikuwahi kumsikia akiiuliza mikono yake swali. Mikono ile ilikuwa inajua kila kitu.

Akatoka chini, akafuta uso kwa mkono wenye grisi, akampigia Arbab.

"Limefeli, Arbab. Kosa ni langu. Nadhani kuna mahali sikukaza."

Alipokata simu nikasema, "Mjomba, si wewe."

Nikamwambia yote. Hakunipiga. Laiti angenipiga, ningekuwa nimelipa. Alikaa kwenye ukingo wa njia, akatazama ekzosi, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka.

"Ubani," akasema. "Wa mama yako? Ule wa Al Ras?"

"Ndiyo."

"Angalau ni ubani mzuri. Lete koleo refu."

Tulitoa mabonge yaliyoyeyuka na kugandamana kama kashata. Kilichobaki kilibidi kiungue chenyewe, kwa hiyo akaliendesha tena nusu saa, kwa kasi yote inayoruhusiwa, nyuma yetu tukiacha harufu kama tunaendesha msikiti. Njiani akaniambia: "Sikiliza. Ukifika pale hutasema neno. Wewe huna kibali cha kazi. Ukisema ulikuwa wewe, litaulizwa mtoto wa shule alikuwa anafanya nini kwenye gari la watu, na atakayesumbuliwa ni mama yako. Umenielewa?"

"Lakini mjomba..."

"Umenielewa?"

Gari likapita. Namba zilishuka mpaka mkaguzi akapiga mashine kofi kidogo, kuhakikisha haijaharibika. "Mabruk," akasema.

Karakanani Arbab alikuwa amesimama mlangoni. Kwa kuwa mjomba alishampigia, naye alishampigia Sir, na Sir alishatuma watu kuyachukua yale magari mengine mawili.

"Limepita, Arbab," mjomba akasema.

"Limepita mara ya pili. Mteja nimempoteza mara ya kwanza. Nani alikosea?"

Nikafungua mdomo. Kiatu cha mjomba, kile chenye chuma mbele, kikatua juu ya kidole gumba cha mguu wangu.

"Mimi, Arbab."

Arbab hakuisaini visa, na mwisho wa mwezi tulimsindikiza mjomba uwanja wa ndege. Alibeba sanduku moja na ile bisibisi ndefu, ambayo walitaka kumnyang'anya mpaka alipoiweka kwenye mzigo wa chini. Mimi nikastaafu siku hiyohiyo. Hakuna aliyeniaga.

Wastaafu huulizwa wanakumbuka nini. Mimi nakumbuka saa nne, karaki ya moto kwenye joto la kuua, na watu wanaopuliza chai huku jasho likiwadondokea ndani ya kikombe. Nakumbuka mluzi. Nikiwa kwenye basi la shule na gari la kelele likipita, darasa zima hukimbilia dirishani, na mimi hubaki kwenye kiti nimefumba macho nikitafuta ile tik, tik. Nyumbani mama bado anafukiza mashati, lakini ni ya shule, na hayana harufu ya kitu chini yake.

Mjomba sasa anatengeneza tuktuk Mombasa. Hunitumia sauti za injini kwenye simu, bila salamu, nami natakiwa kujibu ugonjwa ni nini. Nimepatia kumi na moja, nimekosea tatu. Hajawahi kuugusia ubani, wala mimi. Kwa mama alisema kosa lilikuwa lake, na mama ni dada mkubwa, hasahau. Kila akipiga simu lazima amchome: "Ungelikaza nati yako ungelikuwa hapa unakula biriani. Mkono mzito ndio uliokurudisha." Mjomba hucheka na kusema kweli, dada.

Ijumaa iliyopita mama akamchoma tena. Nilikuwa mezani na vitabu vyangu. Alipokata simu nikamwambia: vipande sita, bisibisi, shati, kiatu cha chuma, kila kitu. Sikutia mzaha hata mmoja, jambo lililomwogopesha kuliko habari yenyewe. Aliiweka simu juu ya daftari langu. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akasema:

"Nipigie tena namba yake. Nitaanza mimi kumuomba radhi, maana nimemtukana mwaka mzima na mimi ndiye mkubwa. Wewe utanifuata. Na huo mzaha wako usiutoe mpaka yeye acheke kwanza."