Jinzi ya Projestus

Kwenye nyumba yetu ya Chamazi, kamba ya kuanikia nguo imefungwa kuanzia nondo za dirisha la Bi Rukaiya, mwenye nyumba, hadi kwenye mpapai ulio karibu na choo. Nguo za kila mpangaji zinajulikana. Ukikaa uani mchana kutwa kama mie, ninayemlea mtoto wa mama mdogo Gladness, unajua nani kanunua shuka jipya na nani mtoto wake kakojoa kitandani.

Na ile suruali ya jinzi ya buluu iliyokolea, yenye uzi wa njano na kiraka mfuko wa nyuma, kila mtu alijua ni ya Projestus, mume wa Herieth wa chumba cha mwisho.

Herieth ni Mpare wa Same. Mfupi, mkimya, anafanya kibarua cha kupanga biskuti kwenye maboksi kiwandani, upande wa Mbagala. Mumewe alikuwa utingo wa malori ya Kongo. Hiyo jinzi aliipenda kuliko kitu chochote, na alikuwa hamwachii mtu aifue. Aliinunua mtumbani, na kabla hajaivaa akailoweka kwenye maji ya baridi yenye chumvi na siki, eti rangi ishike. Akifua, anafunga kwanza zipu na kifungo, anaigeuza nje ndani, sabuni kidogo. Brashi hataki kuiona, Jik ndiyo kabisa. Haikamui. Anaitoa inachuruzika hivyo hivyo, anaining'iniza upande wa mpapai palipo na kivuli, kwa sababu alisema jua la Dar linakula jinzi kuliko miguu ya mwenyewe. Tena alikuwa anaifua kwa nadra sana.

"Jinzi siyo nepi," alimwambia mama mdogo siku moja. "Ivae, ipigishe upepo, ivae tena. Ukiifua fua unaiua."

Mama mdogo akamjibu, "Sawa shemeji, lakini sie tunaokaa upande upepo unakoelekea tufanyeje?"

Uani wote tulicheka, hata Herieth.

Siku Projestus aliyoondoka, jinzi ilikuwa kwenye kamba. Dereva wake alipiga simu ghafla, lori limeshapakia. Projestus akaishika suruali kiunoni, akaikuta bado ina maji, maana jinzi ikikaushwa kivulini inachukua muda. Akamwambia mkewe, "Basi iache. Nikirudi niikute." Akavaa suruali ya kitambaa, akabeba begi, akaenda. Ilikuwa kabla ya mvua za masika. Mvua zikaja, zikaisha. Simu yake mwanzoni iliita, baadaye ikawa haipatikani.

Hayo ya simu Herieth hakumwambia mtu. Mie nilijua kwa sababu alikuwa anasimama nyuma ya choo, mahali mtandao unapokamata, anaweka simu sikioni, anaitoa, anaitazama, anairudisha tena.

Sasa, Bi Rukaiya ana sheria yake. Chumba hampangishi mwanamke anayekaa peke yake. Zamani alimpangisha dada mmoja, wanaume wakawa wanagonga dirisha lake yeye kwa makosa, akaapa. Ni mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa Dar, mume wake kazikwa Temeke, na akishaapa kaapa. Kwa hiyo mwanaume wa mtu akisafiri sana, anauliza.

"Mke wa Projestus, bwana wako mbona simuoni?"

"Shikamoo Bi Rukaiya. Alipita usiku. Kaondoka alfajiri."

"Marahaba. Lori gani hilo lisilomruhusu hata kunywa chai?"

Jumamosi iliyofuata Herieth akaitoa jinzi ndani, akaifua uani mbele za watu. Na Jumamosi nyingine. Akafanya hivyo hivyo kama alivyofanya mumewe: zipu, kifungo, nje ndani, maji ya baridi, sabuni ya kipande, anaikandakanda taratibu kama mtu anayemwosha mtoto. Anaining'iniza kwenye kivuli upande wa mpapai. Bi Rukaiya akichungulia dirishani anaona suruali ya kiume inachuruzika, anarudi ndani karidhika. Mwanaume yupo.

Mie nilikuwa nimekaa na mtoto karibu na mfereji unaopitisha maji machafu. Maji ya nguo za watu wengine yanapita meusi, yana vumbi, yana jasho la wiki nzima. Maji ya ile jinzi yalipita meupe. Povu tu, na buluu kidogo sana ya rangi inayotoka. Suruali ya utingo wa lori. Nikamwangalia Herieth, naye akaniona ninavyoyaangalia maji. Tangu siku hiyo akawa anamwaga beseni haraka.

Mama mdogo, asiyejua chochote, alikuwa anamtania. "Wewe, huyo mwanaume wako anatembea au anatambaa? Jinzi kila Jumamosi! Mwenyewe si alisema siyo nepi?"

"Kazi yake ina vumbi, dada," Herieth akajibu, kainamia beseni.

Magotini ilianza kupauka. Nilimwona siku moja kaishika juu kwenye mwanga, anapitisha kidole pale rangi ilipoondoka, akaikunja akaingia nayo ndani akafunga mlango. Ilikuwa mchana, joto kali, watu wote milango wazi.

Kilichoharibu mambo ni pampu ya maji ya msikiti. Wezi waliing'oa, na wiki hiyo hiyo wakabeba betri ya bajaji ya jirani. Mtaa ukakutana, ikaamuliwa ulinzi wa zamu urudi: kila chumba chenye mwanaume kitoe mwanaume, na filimbi na rungu. Mjumbe wetu, Mzee Marijani, akapita nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja Jumamosi saa za kufua. Alisimama katikati ya uani akaangalia kamba, akahesabu wanaume kwa suruali zao.

"Hii ya Anwar. Hii ya baba Lusungu. Na hii jinzi?"

"Ya Projestus," mama mdogo akasema.

"Ah, huyo! Hata kwenye kikao cha mtaa hakutokea. Shemeji," akamgeukia Herieth, "bwana yuko wapi? Kila nikipita hapa naona kafuliwa, mwenyewe simuoni. Au anakaa humo humo kwenye suruali?"

Watu wakacheka. Bi Rukaiya akatoka na kiti chake, akaketi mlangoni. Yeye hakucheka.

"Yuko safari," Herieth akasema.

"Bi mkubwa anasema huwa anapita usiku. Basi vizuri! Sie tunamtaka huyo huyo wa usiku. Leo akipita, mwambie asiingie ndani, aje moja kwa moja pale kwenye kibanda cha chipsi tunapokutana."

"Hatapita leo."

"Kesho?"

Herieth alikuwa kashika beseni. Nilijua anachopima, na nadhani hata Bi Rukaiya alishajua. Akisema mwanaume yupo, watamtaka. Akisema hayupo, chumba hana, na huko Same wazazi wake hawapo tena. Akaliweka beseni chini.

"Hayupo, Mzee Marijani. Hajarudi tangu kabla ya masika. Simu haipatikani."

Mtoto wa mama mdogo peke yake ndiye aliyekuwa anapigapiga kijiko kwenye sufuria, nikamnyang'anya.

"Na hii?" Bi Rukaiya akaonyesha jinzi kwa kidole. "Umekuwa unanifulia mimi?"

"Ndiyo, Bi Rukaiya."

Mzee Marijani akakohoa, akatazama mpapai. "Basi shemeji, hiyo... pole. Chumba chako nakifuta kwenye orodha ya zamu. Hakina mwanaume."

"Usikifute," Herieth akasema. "Suruali si mmeiona? Itakuja."

"Itakuja na nani?"

"Na mie."

Anwar akapiga mluzi. Mama mdogo akasema, "We Herieth, una wazimu?" Lakini Herieth alishaanza kuitoa jinzi kwenye kamba. Ilikuwa bado mbichi.

Magharibi alitoka ameivaa. Projestus ni mrefu, kwa hiyo miguu alikuwa ameikunja mara nyingi mpaka ikawa minene kama ya mtu aliyevaa mabuti, na kiuno alikifunga kwa kipande cha khanga. Ilikuwa na unyevu, imemganda mapajani. Alipita mbele ya mlango wa Bi Rukaiya, akasema shikamoo. Bi Rukaiya akamwangalia kuanzia chini mpaka juu, akaitikia, halafu akaingia ndani akatoka na tochi yake ya betri kubwa, akampa.

Siku kadhaa baadaye nilimsikia Bi Rukaiya akimwambia Herieth uani, "Maadamu unakesha macho kwa ajili ya mlango wangu, nitasema nini? Kaa. Ila nikisikia mtu kagonga dirisha langu, mimi na wewe basi."

Halijagongwa na mtu. Herieth anatoka kiwandani, zamu yake ikifika anatoka tena. Wanaume wa ulinzi wanamwita Kamanda, wanamtania, halafu wanatembea mbele pamoja, yeye nyuma na tochi. Akirudi alfajiri hakuna wa kumfungulia. Anafungua kufuli mwenyewe.

Haifui tena kila Jumamosi. Jana ndiyo aliifua, baada ya kukaa nayo mwezi mzima. Maji yalipotoka yalikuwa na tope na vumbi la njia ya uwanjani wanakozunguka na zamu. Safari hii hakuyamwaga haraka. Aliinamia beseni akayatazama kwa muda mrefu, mpaka mama mdogo akamuuliza kama kadondosha hereni.

Leo jioni ilipokauka, akakaa kizingitini kwake na sindano na uzi wa njano kushughulikia ule urefu wa miguu. Mama mdogo alimpelekea mkasi akate kilichozidi. Alimshukuru akauweka pembeni. Alipinda kwa ndani tu, akashona kwa mkono, mishono mirefu mirefu. Kitambaa chote kimo humo humo. Ukiifumua, inarudi urefu wake.