Watu ya Zamani

Mwaka 1972 nilikuwa nikifundisha vijana kazi ya kuchimbua mabaki ya kale. Mwanafunzi wangu wa mwisho kujiunga mwaka huo alikuwa msichana wa Arua, ambaye siku ya kwanza alishika mwiko wa mwashi kwa mikono miwili kana kwamba anasonga ugali. Nilimkaripia kila siku. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sijawahi kujisifu kwa hilo.

Mimi naye tulifika Abuku, nje ya Koboko, kwenye shamba la mjane mmoja ambako wahunzi wa kale waliyeyushia chuma. Mavi ya chuma, yale mabonge yanayobaki chuma kikishayeyushwa, yalizagaa kila mahali, meusi na mazito, na mjane alikuwa amechoka kuvunjia majembe yake juu yake. Ruhusa alitupa upesi, ila akatuomba tusichimbe upande wa mtoni. Nilipomuuliza sababu, akasema upande ule hauna kitu, akarudi kupalilia mtama. Mimi nikaona ananifundisha kazi yangu. Nikapigilia vigingi upande huohuo wa mtoni.

Shimo letu lilikuwa mita mbili kwa moja, kuta zimenyooka, kamba zimekazwa. Nilikuwa nimemfundisha kwamba ardhi isiyoguswa hulala kwa tabaka, na kwamba iliyochimbwa ikarudishwa huchanganyika rangi na kubaki laini. Siku ya tatu akaniita.

"Mwalimu, hii kona iko laini," alisema. "Udongo yake imechanganyika. Mutu alichimba hapa, na si zamani."

Nilitazama juujuu. Nikamwambia ni wawindaji tu, wamefukua panya, asinipotezee muda.

Mchana ule gari la jeshi lilisimama barabarani. Walishuka askari watatu, wakaja polepole kupitia mtama. Mkubwa wao hakututazama sisi kwanza, alilitazama shimo kwa muda mrefu. Akauliza nani amelipima. Nikasema ni mimi. Akauliza tunatafuta nini, na kabla sijafungua mdomo msichana akamjibu kwa adabu, kama nilivyomfundisha kuwajibu wageni.

"Sisi natafuta watu ya zamani, afande."

Tangu serikali ipinduliwe mwaka uliotangulia, neno zamani lilikuwa limepata maana yake: serikali ya zamani, jeshi la zamani, watu wa zamani. Waliotajwa hivyo walichukuliwa wasionekane tena, na wake zao walijifunza kutouliza. Jibu lile nilimpa mimi mwenyewe, kwa kinywa changu.

Askari hakukasirika. Heri angekasirika. Aliuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Nani aliambia nyinyi wao iko hapa?"

Hapo ndipo nilipomwelewa mjane, na ile kona. Nikashuka shimoni, nikaokota bonge kubwa la mavi ya chuma nikampa mkononi. Nikamweleza kuwa tunatafuta mavi haya, afande, mavi ya mababu, hatuna jingine. Wenzake wawili walicheka sana, watu wazima wametoka mjini kuja kutafuta mavi. Yeye hakucheka. Alilipima uzito kidogo, akalitupa shimoni. Likaangukia ile kona, likazama nusu.

Akatuamuru tufukie. Alisimama pale mpaka koleo la mwisho. Kisha akatuambia twende, na tukaenda.

Njiani kurudi Arua msichana alinigeukia.

"Mwalimu," aliuliza, "ile kona ilikuwa panya?"

"Ilikuwa panya," nikamjibu.

Alifungua daftari akaandika, maana nilikuwa nimemzoesha kuandika kila kitu. Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa. Alikuwa ameisoma ardhi vizuri kuliko mimi, na sikuthubutu kumwambia.

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyewapokea wanafunzi wapya. Siku moja nilimkuta amesimama ukingoni mwa shimo jipya, akiwaonyesha kwa ncha ya mwiko mahali ambapo udongo ulikuwa laini, rangi zimechanganyika.

"Hii tunaita panya," aliwaambia, bila kunitazama. "Mukiona panya, munafukia, munaenda nyumbani."