Shoka Nililoloweka

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa kuni, kwetu karibu na Mukuyuni hakuna aliyepasua kuni kama mama yangu. Alilaza gogo, akatafuta ufa ulioanzishwa na jua, akachomeka kabari ya mti mgumu na kuigonga kwa rungu mpaka gogo lifunguke lenyewe. Shoka likikwama, alilitikisa polepole. Alinikataza jambo moja tu: shoka haligongwi kwa jiwe, hata ukikasirika vipi.

Mimi nilikasirika. Alikuwa ameenda kuteka maji, nami nikataka arudi akute gogo la mgunga limekwisha. Shoka likanasa. Nikavuta, likakataa. Nikachukua jiwe nikaligonga kisogoni, mara tano, mara sita, mpaka nikasikia mpini umelia pale unapoingia kwenye chuma. Shoka likatoka, lakini mpini ulikuwa umepasuka. Nikaliloweka shoka kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe mpaka asubuhi. Mti ukavimba, ukabana chuma, ufa ukajificha. Nikajiona fundi.

Kesho yake alasiri, mpini umeshakauka juani, mama alikuwa akipasua. Jirani yetu mjane, Mama Kioko, akapita na kiondo akitoka sokoni, akasimama.

"Haiya, Mama Mwende! Huo ni mkono gani? Wanaume wa hapa wajifiche!"

"Wajifiche wapi, na wanangoja chakula?"

Wakacheka. Mama akainua shoka. Chuma kikachomoka, kikampasua muundi wa mguu.

Susu, nyanya yangu, akatoka jikoni mbio. Habari ya mpini hakuuliza. Alimtazama Mama Kioko.

"Umemsifu na hukutema mate?"

Kwetu iliaminiwa kwamba kuna watu wenye jicho. Wakisifu kitu bila kukitemea mate kidogo, kinaharibika. Na dawa ni hao hao waje wateme.

"Mimi sina jicho, mama."

"Kama huna, kutema kuna hasara gani?"

Mama Kioko alikataa akaenda zake. Siku ya tatu mguu ulivimba, wakamwita. Alikuja amejifunga kitambaa chake cha kanisani, akapiga magoti mbele ya majirani wote, akautemea ule mguu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. "Ni mimi" ingetosha. Sikuisema. Mguu ukapona, na watu wakaona wamepata ushahidi.

Tangu hapo wenye watoto wachanga waliwafunika Mama Kioko akipita. Baadaye akaanza kuzungukia njia ya nyuma, macho chini.

Watu wananijua kwa kusema ukweli usoni. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia sukari, na nimegombana na chifu na wazee wa kanisa bila kupepesa macho. Lakini ukweli wa wengine hauniumi mimi. Huu wangu ulinichukua zaidi ya miaka ishirini. Mama na Susu walikuwa wameshazikwa nilipokwenda kwa Mama Kioko nikamweleza yote: jiwe, ufa, ndoo. Alisikiliza akichambua ndengu.

"Mwende," akasema, "nina wajukuu saba. Hakuna hata mmoja niliyemwangalia usoni akiwa mchanga. Mama yake akimnyonyesha, mimi nageukia ukuta."

"Kwa nini, na ulijua huna jicho?"

"Ningejuaje? Mguu si ulipona?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Miaka yote nilidhani nimewaachia majirani uongo wangu, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeubeba na kuuamini.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Nina hakika."

"Hakika kabisa, Mwende?"

"Kabisa, mama."

Akaweka ungo chini, akamwita mjukuu wake wa mwisho, kijana ambaye sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akamtazama. Yule kijana alicheka kwa aibu, akataka kujitoa, lakini nyanya yake hakumwachia.

Mimi ndiye niliyeangalia chini.