Mikono Isiyopanda

Mtaani kwetu Kariakoo nilikuwa wa kwanza kurudi kutoka Ulaya na stashahada ya udaktari, tena nikiwa nimechapisha makala kuhusu magonjwa ya kuvimba misuli. Kila mgeni aliyekaa barazani nilimsomea.

Mdogo wangu, msusi hodari, aliacha kusuka akidai mikono haipandi.

“Kupe we!” nilimwambia mbele ya wageni. “Wenzako wanajenga nchi, wewe umekaa tu.”

“Kaka, hata kitambaa kichwani nafungwa na jirani.”

Wageni wakacheka, nami nikaendelea kusoma. Dalili hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Nilipompima hatimaye, hata uji ulikuwa haumezeki. Tulimzika mwezi uleule. Makala ile ni nzuri. Mpaka leo sijaona kosa ndani yake.